Jeti Zilizochelewa

Mwaka 1944, nikiwa na miaka sita, baba alichukuliwa kwenda vita vya Burma na njaa ikahamia kwetu. Miaka hamsini baadaye nilikuwa Burnsville, kusini mwa Minneapolis, Marekani, nikimtunza mzee Mzungu aliyewahi kurusha ndege za mabomu dhidi ya Wajerumani katika vita hivyohivyo. Siku mbili alikuwa amekataa kula.

"Wajerumani wangewahi kuunda ndege za jeti, ningekufa kijana," akanung'unika.

"Na vita vingerefuka, baba yangu asingerudi," nikamjibu. "Walichelewa, tukapona. Sasa mzee, leo unataka njaa ikuue? Acha ujinga!"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, akaninyang'anya uji wangu wa wimbi, akaumaliza.

Mimi niliyeishia darasa la pili, leo, kwa kazi ya kutunza wazee, nina nyumba, magari mawili, na jeti ya mbao aliyonichongea mzee yule.