Jiwe la Kijani la Kocha Asani

Hebu niambieni, kosa la Kocha Asani lilikuwa nini, kama si kupenda michezo? Katika koleji moja ya Likasi, mji wa shaba kule Kongo, yeye peke yake ndiye aliyefundisha mpira, basketi, voleboli na mbio. Vijana waliotoka kucheza mpira walikunywa maji, wakahamia kwenye wavu wa voleboli, maana wengine hakuwa nao. Kiwanja alikifyeka kwa mkono wake, akakisawazisha, akakichora mistari kwa chokaa, mwaka baada ya mwaka. Mkewe Karima alikuwa akimtania, "Kile kiwanja njo bibi yako mukubwa. Minye niko wa pili."

Mwaka huu akataka kuongeza mchezo wa kuruka. Akaanza kuchimba shimo la kutia mchanga, vijana warukie humo. Sululu ikagonga jiwe, na jiwe likatoka kijani kibichi. Mtu mwingine yeyote wa Likasi angelifukia palepale akanyamaza kimya. Asani? Aka! Alilibeba hadi darasani, meno yote nje.

"Muone, batoto! Siye tunachezaka juu ya shaba!"

Ulimi uliponza kichwa. Wiki haikuisha, wachimbaji wakafika kutoka migodi ya Kamatanda na kamba zao na viroba. Asani akakimbilia kwa Damas, prefe, yaani mkuu wa koleji.

"Bwana prefe, banachimba kiwanja! Batoto batacheza wapi?"

"Asani, ile jiwe, ni weye mwenyewe ulileta mu darasa," alisema Damas bila kumtazama. "Sasa minye nifanye namna gani? Bakubwa bamekwisha kukubali."

Akawaendea wazazi, nyumba kwa nyumba, akawasihi waje wazuie. Wakaja kweli, jamani, wakaja na majembe! Asani akasimama katikati ya kiwanja, akakataa kuondoka. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. "Papa, sogea kidogo," walimwambia kwa adabu, wakachimba kumzunguka.

Siku ya mazoezi alikuja na mipira yake, kama kawaida. Wachezaji hakuwaona. Halafu kichwa cha Merdi, kapteni wake, kikachomoza kutoka shimoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Kocha, unisamehe. Ku nyumba tuko na njaa."

Asani alitaka kumfokea. Angemwambia nini mtoto mwenye njaa? Akakaa juu ya kifusi, akalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake.

Hapo ugomvi ukazuka. Steve na Rolly, nao pia wachezaji wake, walikuwa wakigombea zamu ya kushuka, wakisukumana ukingoni, udongo ukimeguka chini ya miguu yao. Watu walipiga kelele, wao hawasikii. Merdi akatoka shimoni, akaja mbio.

"Kocha, batakufa! Ni weye tu banasikiaka!"

Asani akalitazama shimo. Akiondoka, wataanguka. Akibaki awaongoze, atakuwa mchimbaji kama wao. Moyo ulimuuma, Mungu ndiye shahidi. Akainuka, akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Steve, shuka. Rolly, shika kamba. Merdi, angalia ukuta, ukisikia inalia, bote batoke. Bengine mukae, mutabadilishana."

Kila mmoja akaenda mahali pake bila ubishi. Katika maisha yake yote ya ukocha, timu haikuwahi kumtii upesi namna ile.