Mfupa Uliolia Kama Chungu

Harufu ya udongo uliolowa hunirudisha kwenye kibanda cha bibi yangu, mama yake baba, kijijini kwetu nje ya Songea. Bibi alikuwa mfinyanzi. Udongo aliuonja kwanza: kipande kikavu kikigandia ulimini kilimfaa, kikiteleza alikitupa huku akinung'unika kama mtu aliyepunjwa. Mimi nilimwiga, nikawa nalamba kila kitu mpaka mama akanifinya. Kisha vikaja vita vya Maji Maji, baba akaondoka na wenzake asirudi. Askari wa Wajerumani walichoma maghala, tukala mizizi, na tanuri la bibi likapoa, maana hakuna aliyekuwa na cha kutia chunguni.

Mapigano yalipotulia, mtu mmoja aliyeponea porini alikuja kutuambia kwamba baba alipigwa risasi korongoni, kule bondeni, na hakupata nafasi ya kumzika. Nyumbani kwetu matanga hayakuanuliwa kabla ya maziko. Mama alijifunga kamba ya gome kiunoni, akaapa kutoifungua mpaka kitu cha mumewe kilale ardhini. Chakula kidogo tulichopata alinisogezea mimi. Alikonda hadi kamba ikawa inamtelezea, nami niliogopa kwamba nitabaki yatima kabisa.

Kiangazi kile, nyasi zilipokwisha kuungua, tulishuka korongoni sote watatu. Mawe meupe yalitapakaa kote, kila moja likitudanganya. Bibi alitufundisha tusiamini rangi wala umbo. Tutazame palipovunjika: mfupa una vitundu vidogo kama sega la nyuki, jiwe halina. Tukiwa na shaka, tuguse kwa ulimi, kwa kuwa mfupa mkavu huganda kama udongo wake wa kufinyangia. Tulilamba mawe mpaka midomo ikapasuka. Sijapata kuonja kitu kichungu kama vumbi lile.

Ndipo mama akachomoa kitu kwenye ukingo uliomomonyoka. Kilifanana na mfupa wa paja. Kilikuwa na vitundu, na kiligandia ulimini. Alikaa chini akakipakata, akalia kwa sauti iliyonifanya nizibe masikio. Bibi alikipokea, nikaona mikono yake ikishuka kwa uzito. Akakigonga kwa kokoto, kama alivyogonga vyungu vilivyotoka motoni, nacho kikalia kwa mlio mkali. Mfupa wa mtu haulii hivyo. Baadaye aliniambia kwamba ulikuwa kweli mfupa, lakini wa mnyama asiyemjua, nao ulilala ardhini muda mrefu hata ukageuka jiwe.

"Mama, si yeye?" mama aliuliza.

Bibi aliitazama ile kamba kiunoni. "Ndiye, mwanangu. Mbebe twende."

Tulimzika. Wazee wa ukoo hawakufungua kitambaa tulichofungia ule mfupa, kamba ikakatwa, na jioni ile mama alikunywa uji wa ulezi huku nikimtazama koo lilivyokuwa likimeza. Nilifurahi mpaka nikalia. Kesho yake bibi alichukua kikapu, akasema anafuata udongo. Alirudi mikono mitupu. Akaenda tena, na kila kiangazi baada ya hapo. Siku moja nilimfuata, nikamkuta amepiga magoti korongoni, amegusisha ulimi kwenye kijiwe.

"Mama yako amempata mumewe," aliniambia. "Mimi mwanangu bado."

Sasa mimi ni bibi, na Wajerumani wamekwenda zao. Wageni wengine huja bondeni kuchimba mifupa ya mawe. Mjukuu wangu anawabebea mizigo, naye husimulia jinsi wanavyoifunga kwa nguo na chokaa, taratibu, kana kwamba itaumia. Sina chuki nao. Ila huniuma kwamba kiumbe asiye na ndugu anatafutwa kwa uangalifu hivyo, na baba yangu alitafutwa na wanawake wawili wenye njaa na mtoto. Mama tulimzika kando ya kaburi lile, kama alivyotaka, akiwa ametulia. Bibi alikataa kulala hapo. Aliagiza tumzike kwenye njia iendayo korongoni, na ndiko aliko.