Nilimwambia Mama Kwamba Mwinjilisti Anakuja

Mnisamehe au msinisamehe, leo nasema. Kosa ni langu mwenyewe, sikutumwa na shetani wala na rafiki mbaya.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, kazi yangu ni kushusha wageni kreta kuangalia wanyama. Mama yangu aliishi kijijini Qurus, kwenye shamba letu la mahindi na mbaazi.

Baba alipougua na hospitali ikashindwa, mama alimwita mganga. Wazee wa kanisa wakasikia, wakamtenga. Asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika, na akifa kabla ya kurudi kundini, hazikwi kikanisa.

Baba akafa vilevile. Mama aliyeimba kwaya tangu sijazaliwa akawa mtu wa benchi la nyuma, wenzake wakienda mbele yeye kabaki na kitabu chake cha nyimbo. Nikasema kama huyu ndiye Mungu wao, wabaki naye. Nikaacha kanisa. Wageni wakicheka dini ndani ya gari nami nacheka, nionekane msomi.

Mwaka jana mama akalala kitandani, miguu imevimba.

"Mwanangu, nenda kwa mwinjilisti," akaniambia. "Mwambie niko tayari kutubu. Kutembea siwezi, waje hapa nyumbani."

"Aayo, mama yangu, hao waliokufukuza ndio unawaita?"

"Mungu hajanifukuza. Nenda tu."

Nilikwenda. Nilimwona mwinjilisti uani kwake akichambua maharage, nikapita na gari bila kusimama. Nikarudi nikamwambia mama watakuja Jumapili baada ya ibada. Nilijidai namlinda asidhalilishwe. Uongo mtupu! Nilitaka kuwakomoa wale wazee, na nilimtumia mama yangu kuwakomoa.

Jumapili dada yangu alimwogesha, akamvalisha kitenge kipya. Mama akaketi akitazama mlango mpaka kuku wakaingia bandani.

"Labda walikuwa na kikao," akasema.

Jumapili iliyofuata akaomba aogeshwe tena, avalishwe kile kile. Jioni akalala, akageukia ukutani na kusema, "Basi, wamenikataa." Nilikuwa nimeketi hapo hapo kwenye kigoda. Ningeweza kusema. Nilinyamaza, na Jumatano akafariki.

Alizikwa bila kengele, bila kwaya. Mwinjilisti alikuja bila kanzu yake, kama jirani tu, akashika koleo na wanaume wengine. Tulipokuwa tunasubiri jeneza akaninong'oneza, "Mbona hamkuniita? Ningekuja siku hiyo hiyo."

Dada yangu alisikia. Tangu siku ile hanisemeshi, na ana haki.

Shangazi akanisukuma mbele. "Wewe ndiye mkubwa. Omba hata neno moja, tusimfukie kimya kimya."

Sikuwa nimeomba kwa miaka sita. Nilitaka kusema maneno ya kuwaridhisha watu, yakatoka mengine: "Bwana, yeye alitaka kuja kwako. Mimi ndiye niliyemzuia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna anayenisikia. Sina maelezo mengine. Nilikuwa naungama, na mtu haungami kwa hewa. Imani yangu ilianzia pale, udongo mkononi, na mama aliyeililia kwa niaba yangu miaka yote yumo shimoni.

Baadaye nilisimama mbele ya usharika nikasema yote. Walinipokea vizuri, wengine wakalia. Juzi nikapewa mkate na divai. Mkate ule mama yangu aliusubiri Jumapili mbili ameoga, nikaupata mimi. Watu wananipongeza eti nimempata Yesu. Ndiyo, nimempata na simwachi. Ila pongezi zenu zinaniuma, afadhali mnyamaze.

Wewe kijana usiyeamini, sina ugomvi nawe. Bishana na mchungaji, bishana na Mungu mwenyewe, anakusikia. Lakini mama yako akikutuma umwitie mtu wa kumwombea, usimwamulie. Simamisha gari, shuka, ukamwite.