Baba Hajaiona Rangi ya Sofa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: sofa kitanda ni kiti, au ni kitanda?

Najua linavyosikika. Lakini jicho la baba yangu lilitegemea jibu lake, kwa hiyo nililigeuza na kuligeuza mpaka majogoo wa jirani wakaanza kunisaidia.

Baba ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, la kulia likiwa baya zaidi. Mwaka jana madaktari wa macho walipokuja kwa wiki moja katika hospitali ya hapa Geita, ninakofanya kazi kwenye maabara ya kupima sampuli za mawe ya migodini, nilimwita kutoka kijijini kwetu, upande wa Mwadui. Akaja. Angefanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi, na keshokutwa bandeji ifunguliwe. Maana yake alale kwangu usiku wa kwanza na wa pili. Aliingia kwenye chumba changu, akakimaliza chote kwa kugeuza shingo mara moja: kitanda, jiko la gesi, ndoo, na mimi. Akanywa chai amesimama mlangoni. Kisha akauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Kwetu baba halali kwenye kitanda cha binti yake, wala chumba kimoja naye. Hakuna anayekukalisha chini akufundishe, unakua unalijua. Nilipomtajia gesti alinitazama kama nimemwambia akalale baa. Akarudi nyumbani na jicho lake vilevile.

Mwaka huu, niliposikia madaktari wanakuja tena, nilihamia chumba na sebule. Kazini walidhani nimepata mchumba. Sikuwasahihisha, ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba nimehama kwa sababu ya jicho. Sebule yenyewe ni ya jina tu: ukinyoosha miguu upande huu, vidole vinagonga hodi upande wa pili. Kitanda kizima kisingeingia bila mimi kutoka. Ndipo nikaanza kuwaza vitu vya kukunja.

Niliwaza kwa bidii. Nilikata maboksi makubwa kwa vipimo vya kila kitu nilichokiona madukani, nikayatandaza sakafuni, nikawa natembea pembeni yake kama yana mtu amelala. Godoro la kukunja lilienea vizuri, lakini baba ana magoti yasiyopenda kuinuka kutoka chini, na ningemwinuaje mzee kila asubuhi bila yeye kujisikia mzigo? Kitanda cha chuma cha kukunja nilikifungua dukani kikanibana kidole. Na tena kinafanana na vile vya wodini. Mtu anayeogopa hospitali nimlaze kwenye kipande cha hospitali? Ikabaki sofa kitanda. Mchana wageni wanakaa, usiku unavuta, mgongo unalala chini, baba analala. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kuchemsha maji. Kisha swali likaja: hicho kitu si kitanda changu? Kimo ndani ya nyumba yangu, nimekinunua mimi. Baba akifika akakikataa, je?

Nilimpigia shangazi. Yeye ni dada yake baba, anauza chakula cha madereva wa malori pale Isaka, na hujibu simu huku akigombana na watu wengine wanne.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Mwongezee ugali huyo! Siyo wewe, mwanangu. Sema."

Nikamweleza. Upande wake lori lilikuwa linanguruma, kwa hiyo nilieleza mara mbili, na mara ya pili nilijisikia mjinga zaidi.

"Chuo kilikufundisha kupima mawe," akasema, "hakikukufundisha kulaza mgeni? Sikiliza. Wewe umeshakilalia?"

"Hata sijakinunua."

"Basi si kitanda chako. Kitanda ni cha aliyekilalia. Kinunue, usikilalie, mpokee baba yako."

"Na nikijilaza dukani kidogo tu, kujaribu kama kinaumiza mgongo?"

Lori likanyamaza. Nadhani na wateja walinyamaza.

"Ukijilaza, umelala," akasema shangazi, akakata simu.

Sasa nilikuwa mtu wa ajabu kuliko wote waliowahi kuingia kwenye lile duka la samani karibu na stendi: mteja anayetaka kujua sofa inalalika namna gani, na hataki kuigusa hata kwa kiuno.

"Dada, jaribu, usiogope," muuzaji aliniambia, akiivuta sofa ya kijivu mpaka mgongo wake ukashuka. "Lala hapo. Jinyooshe."

"Jaribu wewe."

"Mimi naijua."

"Mimi siijui. Lala nikuone."

Akalala. Ni mtu mnene mwenye heshima zake, na alilala kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nikamwomba ageukie ukuta. Akageuka. Nikamwomba ainuke kama mtu mwenye magoti mabovu. Akainuka akiguna, vizuri tu. Nikamwomba alale tena kwa kichwa upande wa pili, maana sikuwa na uhakika kibla cha usingizi wa baba ni kipi.

"Dada," akasema akiwa chali, "unanunua sofa au unanipeleka mimi nyumbani?"

"Mgongo unasikia chuma?"

"Nasikia njaa. Hii ya kijivu ni nzuri, chukua."

Nikamwambia nitafikiri. Nilirudi siku iliyofuata, na nyingine. Kufikia mwisho alikuwa akiniona anavua viatu mwenyewe. Niliipenda ya kijivu: nyembamba, inaingia kwenye boksi langu bila kuzidi, inafunguka kwa mbele. Lakini kila nilipotaka kusema naichukua, wazo jipya lilikuja. Yeye muuzaji ameilalia mara nyingi hivyo. Sasa ni kitanda cha nani? Nilitaka kumpigia shangazi, nikaogopa.

Kwa hiyo siku baba alipopanda basi, sebule yangu ilikuwa na maboksi tu. Alipiga simu njiani.

"Mayu, tumevuka ziwa." Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Wenzangu humu wanasema daraja ni refu, lina nguzo zinakwenda juu. Mimi nimeona ukungu."

Nikasema pole baba, nikatazama maboksi yangu.

Nilimpokea stendi na mfuko wake wa michembe, viazi vitamu vikavu ambavyo hawezi kusafiri bila kuvibeba. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akitazama kidogo kando yangu, alipodhani nipo. Nilitaka kumwambia twende nyumbani. Mdomo ukasema, "Baba, tupite mahali kwanza."

Muuzaji alipotuona aliinama kufungua kamba za viatu. Nikamwambia leo asihangaike.

Baba akaanza kupita kati ya sofa kama anavyopita kati ya ng'ombe mnadani. Alizipiga mgongoni kwa kiganja. Alizibonyeza mbavu. Moja aliinua kona yake, akaiachia, akasikiliza inavyoanguka. Alipofika kwenye ya kijivu nikasogea karibu. Akaipapasa.

"Hii imekonda."

"Ni ya kisasa, baba."

"Imekonda," akarudia, akapita.

Pale kwenye kona palikuwa na moja niliyoikataa siku ya kwanza kabla hata ya kuuliza chochote. Ilikuwa ya zambarau, zambarau ya kitenge kipya, yenye maua ya rangi ya dhahabu na vifungo vya dhahabu, na mikono minene, sofa nzima bado imevikwa nailoni. Baba akaibonyeza. Akaibonyeza tena. Akaguna ule mguno ambao kijijini hufuatiwa na kutoa fedha mfukoni.

"Hii imeshiba."

"Baba, hiyo ni ya zambarau."

"Zambarau si ni tunda zuri? Lina weusi fulani. Halionyeshi uchafu."

"Na ina maua."

"Maua yanamuuma nani?"

Muuzaji alikuwa anatazama dari. Baba akanigeukia, akashusha sauti, akawa kama mtu anayeuliza jambo la siri benki.

"Mayu. Umeshailalia?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo? Hata kujaribu?"

"Hata kukaa sijaikalia."

Akapumua. Mabega yake yalishuka kabisa, nikaona kwamba ameshikilia pumzi hiyo tangu Mwadui. "Shangazi yako aliniambia unanunua. Usiku mzima nimewaza, je, kama ameshailalia? Nikifika nikakataa, atasikitika. Nisipokataa, je?"

Hapo nilijua wasiwasi wangu nimeutoa wapi. Siku zote nilidhani ni wa kwangu, nimeupata chuoni pamoja na cheti.

Muuzaji akaivuta ile sofa ikafunguka. Baba akavua viatu, akaweka kofia usoni, akalala mbele ya wateja, mbele ya barabara, mikono juu ya tumbo. Akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko adabu ya duka inavyoruhusu.

"Sasa ni yangu," akasema chini ya kofia. "Wewe utanitunzia."

Muuzaji alinivuta pembeni wakati guta la mizigo linapakiwa. "Dada, naona uso wako. Usitoe nailoni. Wiki ijayo mzee akishaondoka, ukiirudisha na nailoni yake, nitakupa ile ya kijivu."

Ilikuwa faraja kubwa. Nilikuwa na sofa, na nilikuwa bado sijaamua.

Nyumbani tuligundua kwamba sofa iliyoshiba haifuati vipimo vya boksi. Ikifungwa, iliingia vizuri. Ikifunguliwa, ilifika mpaka kwenye mlango wa chumba changu ikauziba. Nikishaingia kulala, nimeingia; choo kiko uani, na njia ya kwendea iko chini ya baba. Niliacha kunywa maji kuanzia alasiri. Yeye alisema mpangilio huo ni mzuri sana, sasa hata majirani hawana la kusema.

Usiku wa kwanza nailoni ilikuwa inalia kila anapogeuka. Kwacha. Kimya. Kwacha, kwacha. Nililala nikiisikiliza kupitia mlango. Mwaka jana saa kama ile alikuwa ndani ya basi. Kwacha, ikasema sebule, na mimi nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nihamie.

Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi na bandeji, akala, akalala tena mahali pake, akapiga kelele za nailoni. Asubuhi iliyofuata walimfungua. Njiani kurudi alikuwa anasoma kila kitu kwa sauti, vibao vya maduka, bei za mafuta, maandishi ya nyuma ya pikipiki, mpaka mwendesha bajaji akaanza kucheka. Nilifungua mlango wa nyumba nikatangulia. Yeye alisimama kizingitini.

Alisimama sana. Jua la dirishani lilikuwa limeangukia vile vifungo vya dhahabu.

"Mayu."

"Naam, baba."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Uliniambia zambarau," akasema polepole. "Hukuniambia inapiga kelele."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alikuwa amekatazwa kucheka kwa nguvu kwa sababu ya jicho, kwa hiyo alicheka kwa mabega tu, mkono mdomoni. Kisha akaifunga ile sofa mwenyewe, akainua mgongo wake ukakaa sawa, akatandika juu yake kitenge changu kupunguza makali, akapiga kiganja mahali pa kukalia.

"Mchana ni kiti. Kaa, tunywe chai."

Nikakaa kwa mara ya kwanza. Nailoni ikalia chini yangu.

Aliondoka kesho yake. Sikumaliza hata kufagia, muuzaji akapiga simu: ile ya kijivu bado ipo, kuna mtu anaiulizia, niamue leo. Nikaanza. Ya kijivu inaacha njia ya chooni. Inakwenda na mapazia. Mgeni mwingine yeyote akija, hatashtuka. Lakini ya kijivu baba hajailalia, na jicho la pili litafanyiwa mwakani. Itabidi tuanze upya na mnada wetu. Lakini ile ya zambarau nitaitazama kila siku mpaka mwakani. Lakini. Nilikuwa nimefika kwenye lakini ya sijui ngapi, fagio mkononi, simu ilipoita tena.

"Mayu, tuko darajani," baba akapaza sauti kushinda injini. "Kumbe ni kweli! Nguzo zake zinakwenda juu kabisa, na kamba zake kama za kufungia paa. Na maji, mayu, maji huku na huku. Wabeja, asante sana. Haya, acha nitazame."

Akasahau kukata simu. Nikamsikia akimweleza aliyekaa karibu naye, mtu ambaye bila shaka alikuwa analiona daraja mwenyewe, kwamba binti yake Geita ana nyumba, na ndani ya nyumba yeye ana kitanda chake.

Nilikata mimi. Nikampigia muuzaji nikamwambia amuuzie huyo mtu ile ya kijivu. Kisha nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti mbele ya sofa, nikaichana nailoni kutoka mkono mmoja hadi mwingine, nikaikunja pamoja na maboksi yangu yote, nikavitoa nje.