Ufunguo wa Tangi la Bani Malik

Mwezi uliopita niliendesha gari mwenyewe kutoka Riyadh mpaka Jeddah, jambo ambalo mama yangu hakuwahi hata kuliota, nikaenda moja kwa moja Bani Malik kuitazama nyumba tuliyokulia. Haipo. Wamebomoa mstari mzima nyuma ya msikiti, pamebaki kifusi na paka wawili. Nikwambie ukweli, rafiki yangu, nilichohisi kwanza ni furaha. Nilitazama mahali palipokuwa na kibanda cha bawabu nikasema alhamdulillahi.

Nilikuwa na miaka kumi. Kila siku televisheni ilisema nchi inafanya mageuzi, na mama alijibu kwamba labda, ila hayajafika kwenye bomba letu. Mvua hatukuiona tangu mwaka wa nyuma, na maji ya bomba yalikuwa yamekatika wiki tatu. Nyumba nzima ya ghorofa nne ilitegemea tangi moja la chini ya ardhi, lenye mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo alikaa nao bawabu. Alikuwa mzee mnene, mchache wa maneno, na neno alilolipenda kuliko yote ni mafi, yaani hakuna. Leo maji mafi, kesho mafi. Ukienda na ndoo anakutazama mpaka unajiona mwizi.

Ghorofa ya pili alikaa jirani yetu, mwanamke wa kutoka Thailand, fundi cherehani wa magauni ya harusi. Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, naye akanipa wali wa kunata uliopikwa kwa tui, ambao mpaka leo sijala mfano wake. Kila mwezi wa nne, mwaka mpya wa kwao, aliloweka asumini kwenye maji, akashuka kwetu kummwagia Bibi yangu viganjani, akainamisha kichwa na kumwomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima. Bibi alikuwa akiinusa mikono yake mpaka anapokwenda kulala.

"Huu mwaka kogwa wetu mtupu," Bibi alikuwa akisema, akikumbuka sikukuu ya mwaka ya kwao Unguja. "Ila sisi Makunduchi twapigana kwanza, ndo tukaoga."

Mwaka ule wa ukame jirani alikusanya ndoo moja kwa siku nane, kikombe kwa kikombe, akijinyima kuoga. Akaiweka kwenye ngazi, penye kivuli. Siku mbili kabla ya sikukuu bawabu aliichukua akaoshea gari la mwenye nyumba. Jirani alipomuuliza, alijibu, "Halas, yamekwisha. Maji ni maji." Yule mama alipanda juu. Nilimfuata nikamkuta amekaa mbele ya cherehani, hashoni, analia. Nikaapa kwamba mzee yule atanijua.

Kesho yake baada ya adhuhuri bawabu alilala kwenye mkeka wake, ufunguo chini ya mto. Niliuchomoa polepole, nikaenda nao chooni kwetu, nikautumbukiza shimoni na kuusukuma kwa maji machafu ya kufulia.

Alasiri likaja lori la maji, lile ambalo mwenye nyumba alilipangia foleni tangu alfajiri. Bawabu alipekua mto, mkeka, mifuko, hata viatu. Akaligonga kufuli kwa jiwe, wapi. Dereva akapiga honi, akasema yalla, wengine wanangoja, akaondoka na maji yote. Mwenye nyumba alimtukana yule mzee mbele ya watoto, akamwambia atafute kafili mwingine, mdhamini wa kumwekea kibali cha kukaa nchini. Mimi niko dirishani. Ilikuwa tamu, sitakudanganya, tamu kuliko ule wali.

Kisha nikageuka. Bibi alikuwa nyuma yangu na birika lake la udhu, tupu. Kwenye ngazi alisimama jirani na ndoo mbili, nazo tupu.

Sikukuu aliifanya kwa glasi moja, maji yake ya kunywa, na maua matatu. Alimmwagia Bibi kidogo, kisha akanishika mkono tukashuka kwa bawabu, aliyekuwa akifunga mizigo yake. Kama alijua habari ya ufunguo, hakusema.

"Huyu mkubwa, wewe mdogo," aliniambia kwa Kiarabu chake cha kukatakata, akinipa glasi. "Mwagia yeye. Hasira ya mwaka, halas."

Mzee alinyoosha viganja. Niliviangalia, nikayamwaga maji yote chini, kando ya miguu yake.

Hakuna aliyenigombeza. Jirani alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye saruji iliyolowa, akampaka mzee mikononi ule unyevu uliobaki. Mzee akamwombea dua, akabeba mfuko wake akaenda zake.

Bibi ameshafariki. Jirani alirudi kwao kabla sijamaliza shule. Kwangu Al-Naseem, Riyadh, maji yanatoka kutwa, na wanangu wanaacha bomba wazi wakipiga mswaki mpaka niwapigie kelele. Ile ndoo sijamsamehe yule mzee. Pale kwenye kifusi nilijaribu, nikashindwa. Lakini njiani nilikuwa nimenunua kigwe cha asumini kwa mchuuzi wa kwenye taa za barabarani, nikakitia kwenye chupa ya maji, nikakaa garini mpaka maji yakashika harufu. Ningempata siku ile ningemmwagia viganja vyote viwili, polepole, kisha ningemwambia ufunguo uko wapi.