Mashine ya Kusafisha Hewa ya Bilele

Kaka yangu alikuwa fundi wa samani mtaani Bilele. Mimi nafundisha kemia katika sekondari moja ya Kahororo, na kila Jumamosi nilipitia karakanani kwake. Alikuwa akipaka vanishi huku madirisha yamefungwa, maana vumbi la barabarani likinata kwenye kabati bichi, mteja analikataa. Nusu saa tu ya mvuke wa thina, kiyeyushi anachochanganya na vanishi, ilitosha kuniumiza kichwa. Yeye alishinda humo kutwa, miaka nenda miaka rudi.

Alipoanza kuishiwa pumzi akipanda kilima, nilimpelekea barakoa. Aliivaa siku mbili akaitundika msumarini. Shemeji, mke wake, alimsihi kila siku aache kazi hiyo.

Ndipo nikakumbuka somo la chuoni. Upo unga mweupe, uleule unaotiwa kwenye rangi za ukuta, ambao ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno huusaidia mvuke wa namna ile kuungua polepole bila moto, na unga wenyewe hauishi. Nilipaka unga huo kwenye vioo, nikavipanga ndani ya sanduku la bati pamoja na taa ya mwanga huo na feni ndogo. Kwanza nilijaribu shuleni: kioo kimoja na tone la thina ndani ya chupa kubwa, chini ya taa. Nilipoifungua jioni, harufu ilikuwa imekwisha. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu.

Karakanani sanduku lilinguruma wiki tatu. Kaka alilipangusa kila asubuhi na kuwaambia wateja kwamba mdogo wake ameleta mashine ya kusafisha hewa. Harufu haikupungua. Hatimaye nilikaa nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzoni: mvuke ambao sanduku langu lingeumaliza kwa siku nzima, kaka aliutoa kwa kupaka mguu mmoja wa meza.

Nilipomweleza, alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, akihema.

"Nilijua," akasema. "Pua ninayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulihangaika sana, mdogo wangu. Ningeanzaje?"

Kilichoniumiza zaidi nilikisikia baadaye. Tangu sanduku lile lifike, shemeji alikuwa ameacha kumsihi. Alidhani mwalimu wa kemia ameshamaliza tatizo.

Daktari alimkataza vanishi kabisa, na kaka akarudi Muleba, kwenye kibanja cha wazazi wetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mwezi uliopita nilimtembelea. Alitaka kunionyesha mibuni aliyopanda ng'ambo ya migomba, mwendo mfupi tu. Tulisimama mara tatu njiani. Kila mara nilimshika kiwiko, nikasubiri pumzi imrudie. Naweza kuuchora mvuke ule wa thina ubaoni, chembe kwa chembe, lakini pumzi siwezi kumrudishia.

"Tutaiona siku nyingine," akasema, akageuka.

Nikageuka naye, tukarudi taratibu hadi nyumbani, ambako shemeji alikuwa ameshatutengea chakula.