Nilimkamata mwizi wa karata hadharani, sasa baiskeli yetu inapita nje ikipigwa kengele

Wakuu wa ukurasa huu wa barua, salaam kwenu nyote, wa Masasi, wa Ndanda na wenzangu wa huku juu Newala.

Kuna ndugu wa Lukuledi aliandika hapa majuzi kwamba mwanamke akikaribia meza ya karata, kazi yake ni kumwaga uji tu. Ndugu, vuta kiti.

Ninayoandika ni kweli tupu. Nayaandika mtoto mmoja akiwa mgongoni, mwingine ananivuta kanga. Makosa ya wino mnisamehe. Hasira siiombei msamaha.

Mimi ni Mama Neema. Nilisoma hadi darasa la kumi, na nilipomaliza mjomba wangu alinipa cherehani cha mkono. Akasema mbele ya watu, "Hiki ni chako, si cha mume utakayempata." Kwetu Wamakonde mjomba akishasema, amesema.

Kwa cherehani hicho nawashonea watoto wa shule kaptula na magauni. Kikisimama, na sufuria yangu inasimama.

Sasa basi. Wiki moja kabla ya Krismasi narudi kutoka bondeni kuchota maji. (Wa huku juu mnajua: kushuka, kungoja zamu, kupanda na debe kichwani, nusu ya siku imekwenda.) Naingia ndani, meza ipo, kitambaa kipo, cherehani hakipo.

"Baba Neema, cherehani?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kwa karani wa mzani."

"Anashona?"

Akachukua kofia yake, akatoka.

Wakuu, mwanamume huyu, mwalimu wa shule, anayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, alikuwa amekiweka cherehani changu dau kwenye karata. Akafungwa mchezo.

Huyo karani ni mtu wa Tabora, kaletwa huku msimu huu kupima magunia ya korosho ya wakulima. Kijana mpole, anavaa soksi hata kwenye jua. Nikamchukia pale pale. Nikasema mgeni gani anawafunga wenyeji kila siku? Huyu ni mwizi, nami nitamkamata.

Mume wangu akaomba marudiano. Karani akakubali kukiweka cherehani mezani, mume wangu akaweka baiskeli yake. Wacheze alasiri tatu mfululizo barazani kwa fundi seremala, karata za turufu, mtu na mtu. Pakiti ya karata akaitoa mume wangu mwenyewe, kwa wema wake, na kila jioni alirudi nayo nyumbani. Refa akawa Mzee Yohana, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hata mbuzi wake hawathubutu kumdanganya.

Siku mbili za kwanza sikwenda, nilikuwa naazima sindano ya mkono kwa jirani kama mtu aliyefiwa.

Siku ya tatu nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda kusimama nyuma ya benchi. Jicho langu kwa karani tu.

Kwanza nikaona mdomo. Mdomo wake wa chini umevimba, unang'aa kama biringani. Wanaume wanamwambia, "Pole, nyuki hao." Nyuki! Kila mama wa nchi hii ya mikorosho anaujua mdomo ule. Ni mdomo wa mtoto aliyevunja korosho mbichi kwa meno, utomvu wa ganda ukamuunguza.

Halafu nikaona kidole. Kila akigawa karata, karani analamba kidole gumba. Analamba, anagawa. Analamba, anagawa.

Akili yangu ya darasa la kumi ikafanya hesabu papo hapo. Utomvu upo kwenye karata. Ameziwekea alama!

Sikungoja mtu anipe nafasi. Niliruka benchi, mtoto mgongoni akacheka akidhani ni ngoma, nikazikusanya karata zote mezani.

"Mwizi! Mzee Yohana, shikamoo, huyu ni mwizi!"

"Marahaba. Taratibu, Mama Neema."

"Taratibu ya nini? Tazama migongo ya karata!"

Akavaa miwani, akatazama. Kweli kabisa, kwenye pembe za ree zote na karata kubwa kulikuwa na kidoa cha rangi ya chai, kidogo kama yai la chawa. Ukipitisha kidole unakisikia.

Watu wakaanza kunguruma. Nami kwa kuwa nina mdomo, nikauliza kwa sauti, "Sheria yetu kwa mwizi wa karata ni ipi?"

"Anapoteza alichokiweka mezani," akasema Mzee Yohana.

"Rudia, na wa nyuma wasikie."

Akarudia. Wakuu, kumbukeni kwamba mimi ndiye niliyemtaka arudie.

Karani akasimama, maskini, anaongea kwa shida kama aliyeweka kiazi moto kinywani. "Mama Neema, mimi mtu wa Tabora. Korosho nazijua zikiwa ndani ya gunia. Ningejua ganda lake lina moto, ningelamba kidole siku tatu?"

Pale nikashusha kidole nilichomnyooshea. Maana ni kweli. Mwenye kupaka utomvu ule ni mtu anayeujua, na anayeujua halambi.

Mzee Yohana akasema, "Nyoosheni mikono, wote wawili."

Gumba la karani lilikuwa limejaa malengelenge. Vidole vya mume wangu, mzaliwa wa Chilangala, mtoto wa mikorosho, vilikuwa vizima kabisa. Ila vimejaa majivu hadi ndani ya kucha. Nani asiyejua? Anayeshika korosho mbichi hupaka vidole majivu kwanza, asiungue.

"Mwalimu, siku hizi unapika?" Mzee Yohana akauliza.

Mume wangu akanitazama. Jicho la kuniomba, wakuu.

Nami ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo ulikuwa umeshawaka moto, haukuzimika. Nikasema, "Asubuhi nilimkuta jikoni anachota majivu. Aliniambia anakwenda kusugua baiskeli."

Baraza zima likageuka kuitazama baiskeli. Ina tope la tangu mvua za mwanzo.

Walicheka hadi fundi seremala akaanguka juu ya mbao zake. "Mwalimu kapigwa turufu na mkewe!"

Lakini ngojeni. Kilichoniua si wizi. Nilimwuliza Mzee Yohana matokeo hadi hapo yalikuwaje. Akasoma daftari lake: karani michezo kumi, mwalimu minne.

Minne! Mtu anazisoma karata kwa migongo, siku tatu, na bado anafungwa na mgeni mwenye mdomo wa biringani! Heri ningeolewa na mwizi hodari.

Baiskeli ikaenda kwa karani, sheria nilitaka irudiwe mimi mwenyewe. Cherehani je? Nikasimama mbele ya Mzee Yohana, safari hii bila kelele, nikamweleza maneno ya mjomba. Kitu kisicho chake hawezi kukiweka dau. Kama kuna mtu anataka kukichukua, mjomba yupo Chilangala, tukamwone wote.

Kabla mzee hajajibu, karani akainua mkono wenye malengelenge. "Mpeni mama wa watu cherehani chake. Korosho zenu nimeshaziona. Wajomba zenu sitaki kuwaona."

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya watu wote. Kisha nikamwosha mdomo kwa debe zima la maji yangu ya bondeni, nikampaka mafuta ya nazi.

Debe hilo lazima lirudishwe. Na la kesho yake, na la keshokutwa, hadi Pasaka. Mwanamume huku hachoti maji, najua. Baba Neema anachota.

Leo asubuhi nilikuwa dirishani nashona. Nikamwona anapanda mlima, debe kichwani, nusu limemwagika, wanawake nyuma yake wanamhesabia hatua. Karani akampita na baiskeli akienda kwenye mzani wake, mdomo umepona.

"Shikamoo, mwalimu!" Akapiga kengele mara mbili.

Mume wangu hakuweza hata kugeuka. Angegeuka, na nusu iliyobaki ingemwagika.

Somo langu ni hili: kabla hujapiga kelele za mwizi, chungulia kwanza jikoni kwako.

Haya, semeni. Ningenyamaza? Na wewe ndugu wa Lukuledi, uji nimeumwaga au sijaumwaga?